Mlango Gani, Saa Ngapi

Mgeni wa Mombasa akikuuliza kama kutoka Bamburi, kaskazini mwa kisiwa, hadi Ukunda, kusini, ni mbali, usimtajie kilomita. Muulize anataka kuondoka saa ngapi. Akisema saa kumi na moja jioni, mwambie ajiwekee muda wa saa mbili na nusu na asimuahidi mtu chakula cha usiku. Akisema saa tatu usiku, muda wa saa moja na nusu huenda ukamtosha. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile, ila milango miwili atakayoipita haifanani mchana na usiku.

Mombasa ni kisiwa kidogo, yapata kilomita 14 za mraba. Mtu mzima mwenye viatu vizuri hukivuka kwa miguu kutoka Feri hadi Daraja la Nyali kwa muda wa kama saa moja. Hata hivyo wengi wanaofanya kazi mjini hulala ng'ambo: Likoni, Kisauni, Bamburi, Mtwapa, Changamwe, Mikindani, Miritini. Asubuhi wote huingia, jioni wote hutoka, na pa kupitia ni patatu tu. Kaskazini kuna Daraja la Nyali, magharibi kuna Makupa, kusini kuna feri ya Likoni. Siku hizi kuna na njia ya nne, Dongo Kundu, ambayo haiingii kisiwani bali hukizunguka. Anayekwama Mombasa, mara nyingi amekwama mlangoni.

Kwa hivyo hesabu ya safari huanza na mlango, ikaja saa, halafu ndipo uchague chombo. Wengi huanza mwisho. Hubishana kama boda ni bora kuliko matatu, wakati wote wawili wanaelekea kwenye foleni ile ile ya feri.

Likoni

Mlango huu ndio wenye mambo mengi, nao ndio unaostahili kujulikana vizuri kuliko yote.

Feri hufanya kazi usiku na mchana. Mwenda kwa miguu hatozwi hata senti. Gari, tuktuk na pikipiki hulipa, na hulipa kabla ya kupanda. Weka salio kwenye simu, maana anayeanza kutafuta pesa mbele ya kibanda cha malipo huwazuia walio nyuma yake wote. Mkondo wenyewe una upana wa kama nusu kilomita. Kuvuka ni dakika chache. Muda huliwa na kungoja.

Kabla ya kutoka nyumbani, swali la kuuliza ni moja: leo feri ngapi zinafanya kazi? Chukua mfano. Tuseme feri moja hutumia dakika kumi kupakua na kupakia, na dakika kumi kuvuka. Kwenda na kurudi ni dakika arubaini. Zikiwa nne, kuna feri inayoondoka kila dakika kumi. Zikiwa mbili, ni kila dakika ishirini. Watu lakini hawapungui kwa sababu feri moja imepelekwa kutengenezwa. Wale waliozidi hubaki bandani, wakaongezewa wa nyuma yao, na baada ya saa nzima foleni ya magari imeshapanda barabarani. Ndiyo maana feri moja ikiharibika saa kumi na mbili asubuhi, athari yake huonekana hadi saa nne, hata kama ilirudi kazini saa moja na nusu. Ukisikia kwenye redio au kutoka kwa jirani kwamba kumekuwa na hitilafu alfajiri, usijipe moyo kwamba "imeshatengenezwa". Ondoka mapema, au subiri mpaka ule mlima wa watu uishe.

Jambo la pili ni meli. Feri hukata njia ya kuingilia bandari ya Kilindini. Meli kubwa ya makontena haiwezi kusimama ghafla wala kukwepa, kwa hivyo inapopita, feri hungoja. Ukifika ukaona feri imejaa na haiendi, tazama upande wa bahari kuu kabla ya kumlaumu nahodha.

La tatu ni maji, na hapa wavuvi wametutangulia kwa elimu. Feri haifungwi kwenye gati lenye kina; hulaza mdomo wake juu ya mteremko wa saruji. Maji yakijaa, feri husimama juu na kipande cha kupanda huwa kifupi. Maji yakipwa, feri husimama chini, kipande hurefuka, na sehemu ya saruji iliyokuwa ndani ya maji hubaki wazi ikiwa na utelezi. Kwa mwenye mkokoteni wa magunia hiyo ni tofauti kubwa. Kwa gari la chini, saluni lenye bampa refu, hapo ndipo bampa hugusa saruji mahali mdomo wa feri unapokutana na mteremko.

Kujua saa za kupwa hakuhitaji programu yoyote ya simu. Angalia tarehe ya mwezi wa Kiislamu. Mwanzo wa mwezi na katikati yake, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Siku hizo hujaa yapata saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri, na hupwa yapata saa nne asubuhi na saa nne usiku. Kila siku saa husogea mbele kwa kama dakika hamsini. Kuanzia tarehe nane hivi, na tena ishirini na mbili, ni maji mafu, ambapo kujaa na kupwa hakupishani sana. Jambo hili lina baraka yake: maji hayapwi sana saa moja asubuhi wala saa kumi na moja jioni, ambapo watu ni wengi zaidi. Mteremko huwa mbaya zaidi katikati ya asubuhi na usiku, siku za bamvua. Kama una mzigo wa mkokoteni, au gari lako liko chini, siku hizo vuka kabla ya saa tatu asubuhi au ngoja hadi baada ya saa sita mchana.

Sasa usalama, na hapa nitasema bila kuzunguka. Mwaka 1994 feri ilipinduka Mtongwe ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na watu 272 walikufa. Mwaka 2019 gari lilirudi nyuma likatumbukia kwenye mkondo wa Likoni likiwa na mama na mtoto wake. Mambo haya mawili yanatosha kumfanya mtu abadili tabia. Mwenda kwa miguu: usikimbilie feri inayoondoka, usiruke mdomo unapoinuka, na ukishapanda, ingia ndani usonge kati badala ya kuganda mbele ili ushuke wa kwanza. Simama mahali unapoona maboya ya kujiokolea yalipowekwa.

Mwenye gari: zima injini, vuta breki ya mkono mpaka mwisho, acha gari kwenye gia ya kwanza (la otomatiki liweke P), shusha vioo vyote, fungua mkanda wa kiti na mkanda wa mtoto pia. Mkanda unaokuokoa barabarani ndio utakaokushikilia chini ya maji, na vioo vya umeme vyaweza kugoma maji yakiingia. Tena breki ya mkono ya gari kuukuu hulegea kwa kebo kunyooka. Ijaribu kwenye mlima kabla, si siku uliyo juu ya feri. Anayeweza kushuka, hasa mwenye watoto, ashuke asimame na wenda kwa miguu kama walinzi wanaruhusu.

Upande wa Likoni, mara tu unapopanda kutoka majini, utakutana na magari ya Mtongwe, Shika Adabu, Ng'ombeni, Tiwi, Ukunda na kwingineko hadi Lunga Lunga. Anayekwenda Diani hupanda la Ukunda kisha tuktuk au boda ya kuteremka ufuoni. Usikubali begi lako litangulie ndani ya gari kabla hujakubaliana nauli. Makanga wengi ni watu wema, lakini wapiga debe wanaolipwa kwa kila kichwa huvuta mkono wa mtu kabla ya kumuuliza anakwenda wapi. "Ahsante ndugu yangu, naenda hapa hapa" hutosha. Sema ukiendelea kutembea.

Kuzunguka badala ya kuvuka

Dongo Kundu imebadilisha hesabu kwa watu fulani, si kwa wote. Njia hii hutoka Miritini, hupita juu ya maji kwa madaraja marefu, la Mteza likiwa na zaidi ya kilomita moja, na hutokea barabara ya Likoni hadi Lunga Lunga, upande wa Kwale. Mtu anayetoka Nairobi, Mazeras, Miritini au uwanja wa ndege akielekea Diani hana tena haja ya kuuona mji wala feri. Mwezi wa Disemba, ambapo magari ya likizo hupanga mstari Likoni, anayeingia kisiwani na gari lake kwenda tu kusubiri feri anajitesa bure.

Kwa anayekaa Ganjoni au Tudor ni hesabu tofauti. Itabidi atoke kwanza kwa Makupa, apite Changamwe, ndipo aianze njia. Mafuta ni mengi zaidi, na kama Makupa imefunga, amebadilisha foleni moja kwa nyingine. Kipimo changu ni hiki: kama feri inakungojesha chini ya dakika arubaini na tano, vuka, ikizidi, na gari ni lako, zunguka. Mwenye pikipiki akumbuke upepo wa kusi juu ya yale madaraja, kuanzia Aprili hadi karibu Oktoba. Upepo wa ubavuni husukuma pikipiki nyepesi hadi kwenye mstari wa lori. Punguza mwendo kabla ya kufika juu.

Nyali na Makupa

Daraja la Nyali tulilo nalo lilifunguliwa 1980. Kabla yake, tangu 1931, watu walipita juu ya daraja lililoelea majini. Msongamano wa leo hausababishwi na daraja lenyewe. Simama katikati yake saa kumi na moja jioni utaona magari yakitembea. Yanakoganda ni kwenye midomo. Kisiwani ni Buxton, na ng'ambo ni Kongowea na Lights, pale Kengeleni. Barabara pana hubanwa na matatu zinazopakia njiani, magari ya sokoni yanayogeuza, na watu wanaokatiza. Anayetafuta njia ya mkato juu ya daraja hataipata, kwa sababu tatizo liko mbele yake.

Dawa yake ni miguu. Kutoka Lights hadi Buxton ni mwendo wa kama dakika ishirini na tano, upepo wa bahari ukikupiga shingoni. Gari likiwa limesimama Kongowea kwa dakika kumi bila kusogea, lipa ushuke, vuka daraja kwa miguu, kisha panda jingine Buxton au Saba Saba. Utalipa nauli mara mbili, lakini utafika. Fanya hivyo mchana tu. Giza likiingia daraja si mahali pa mtu peke yake, na simu isionekane mkononi hata ukiwa umekaa dirishani ndani ya matatu, maana wanaozipokonya huvizia magari yaliyosimama.

Kuelekea Mtwapa, ujenzi wa kupanua barabara umekuwa ukihamisha michepuko kutoka pahali hadi pahali. Njia uliyopita wiki iliyopita huenda leo imezibwa kwa mapipa. Muulize makanga kabla ya kupanda gari linapita njia gani, hasa kama unashuka katikati. Na neno moja la raha: kwenye barabara hii keti upande wa kulia. Asubuhi ukija mjini jua liko kushoto kwako. Jioni ukirudi, barabara imegeuka nalo jua limehamia, na bado liko kushoto. Anayekaa kulia hupata kivuli safari zote mbili.

Makupa ni mlango wa lori. Pale palipokuwa na tuta lililoziba maji sasa pana daraja, lililofunguliwa 2022, na maji ya bahari yanapita tena chini yake. Ila hatima ya safari yako huamuliwa mbele, kwenye mzunguko wa Changamwe, ambapo magari ya bandarini, ya uwanja wa ndege na ya Nairobi hukutana. Anayekwenda uwanja wa ndege jioni ajiongezee saa nzima. Lori moja likiharibika hapo hufunga kila kitu, na huharibika mara nyingi kwa sababu ya joto: injini yenye mzigo mzito, mwendo wa kobe, na feni isiyopata upepo.

Chombo

Matatu ya viti 14 bado ndiyo rahisi kuliko vyote. Tangu kanuni za 2004, kila gari linapaswa kuwa na mstari wa manjano ulioandikwa njia yake, mikanda kwenye viti, na kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Usisome bango la kioo cha mbele peke yake, maana huwekwa na kutolewa kadiri abiria wanavyopatikana. Uliza kwa mdomo: "Makanga, mnafika Feri au mnageuzia Posta?" Swali hilo lina thamani. Jioni, dereva akiona foleni mbele, huwashusha watu katikati na kurudi kuchukua wengine.

Nauli nyingi za ndani ya mji huwa kati ya shilingi 50 na 100. Zinapanda kwa mambo mawili, saa ya watu wengi na mvua. Ya mvua huwakasirisha watu lakini ina sababu: dereva hupiga safari chache kwa mafuta yale yale, kwa kuwa kila mtu anatambaa. Uliza kabla ya kukaa, lipa kwa noti ndogo, na kama umetoa mia tano dai chenji yako mapema. "Makanga, chenji ya mama hapa nyuma" husemwa na abiria wenzako bila hata kuombwa. Huo ni ustaarabu wa mji huu. Mzee akipanda, mpishe kiti cha mlangoni, maana kupinda mgongo hadi viti vya nyuma kwamuumiza.

Tuktuk ndiyo sauti ya Mombasa. Nyuma hukaa watatu. Anayebeba wa nne mbele pembeni yake ameufinya usukani wake mwenyewe, na hapo ukatae. Kuna ya njia, ambayo hupakia watu tofauti kwa nauli ya kichwa, na kuna ya kukodi. Usiipande kabla hujajua ni ipi.

"Kizingo ngapi, kaka?"
"Mia mbili, mama."
"Mia na hamsini twende."
"Narudi mtupu, mama, weka mia na themanini."

Neno "narudi mtupu" si ujanja kila mara. Bei ya tuktuk ni ya safari mbili, ya kukupeleka na ya kurudi steji bila mtu. Ndiyo maana sehemu yenye abiria wa kurudi, kama Marikiti au Mwembe Tayari, ni nafuu kuliko mtaa wa makazi wenye umbali ule ule. Hesabu yako nawe ni rahisi. Mkiwa watatu na kila mmoja angelipa 50 kwenye matatu, hizo ni 150. Kwa kuongeza kidogo mnafikishwa mlangoni na mizigo yenu. Ukiwa peke yako na begi dogo, panda matatu.

Kwa mambo ya chombo chenyewe: magurudumu ni madogo, kwa hivyo shimo ambalo gari hulivuka bila kujua, tuktuk huingia nalo zima. Gurudumu la mbele ni moja, na hapo ndipo udhaifu ulipo. Dereva akikata kona kwa kasi huku abiria wawili wakiegemea upande wa nje, tairi la ndani huinuka. Mkiwa wawili, mzito akae kati. Mkono usitoke nje, kwani tuktuk hupita sentimita chache kutoka kioo cha matatu. Kabla ya kupanda tazama mambo matatu: tairi la mbele lina meno, breki inashika dereva anaposimama (hilo utaliona akikujia), na pazia la mvua lipo. Kinachoharibika zaidi njiani ni kebo ya klachi, inayochoka kwa kusimama na kuondoka mara mia kwa siku. Ukisikia gia zinalia na dereva anabana mkono wa klachi mara mbili, jua kebo iko karibu kukatika. Hiyo si tuktuk ya kupandia mteremko wa feri.

Boda ni ya haraka na ya kuhesabiwa. Kipande kifupi, barabara ya ndani, mchana, helmeti kichwani na abiria mmoja kama sheria isemavyo: hapo inafaa sana, hasa Kisauni na Utange ndani, ambapo matatu haziingii na masika hugeuza barabara za udongo kuwa madimbwi. Panda kwa kushoto. Ekzosi iko kulia, na wengi wana kovu la mviringo kwenye shavu la mguu kwa kutojua hilo. Dada zangu wenye buibui: likusanye lote mbele, likalie, upindo usibaki ukining'inia. Mnyororo na spoku za gurudumu la nyuma hazivuti polepole. Kukaa upande kunaonekana kwa heshima, lakini breki ya ghafla humrusha aliyekaa hivyo. Ukivaa suruali chini ya buibui unaweza kukaa sawasawa na stara ikabaki.

Gari la kuita kwa simu lina kazi yake: usiku, uwanja wa ndege, mgonjwa. Bei hupanda mvua ikinyesha kama ya matatu tu. Na kama safari inavuka Likoni, ulizia kwanza nani analipa feri.

Kwa Mji wa Kale, sahau vyombo vyote. Vichochoro vilijengwa kwa watu na punda, na ukuta mmoja hukupa kivuli asubuhi, wa pili jioni. Kutoka Ngome ya Yesu hadi kwenye zile sanamu za pembe za ndovu za Moi Avenue ni kama dakika ishirini kwa miguu, na mara nyingi gari halikushindi.

Treni ya SGR ya Nairobi, iliyoanza 2017, hushukia Miritini, si mjini. Watu wengi huikosa kwa kuhesabu umbali wa reli na kusahau mlango wa Makupa. Ukaguzi wa mizigo una hatua zake, mabegi hupangwa chini yakaguliwe, kwa hivyo uwe langoni saa nzima kabla. Tiketi hupatikana kwa kupiga *639#. Saa iliyoandikwa ni ya kizungu: 15:00 ni saa tisa alasiri. Kosa hilo linaonekana dogo, na limewaacha watu jukwaani.

Kalenda ya mji

Saa za msongamano hazifuati kazi peke yake. Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu hadi karibu saa nane, barabara zilizo karibu na misikiti mikubwa ya mjini hujaa magari yaliyoegeshwa. Panga shughuli yako kabla au baada. Mwezi wa Ramadhani msongamano wa jioni huanza mapema. Kuanzia saa kumi watu wanakimbilia futari, daraja na feri hufura mapema, kisha adhana ya magharibi ikilia barabara hubaki tupu kama kwamba mji umehama. Dakika kama arubaini zinazofuata ndizo nyepesi kuliko zote kwa anayelazimika kusafiri, lakini makanga na madereva nao wanafuturu, kwa hivyo magari ni machache. Beba tende na maji. Atakayekuwa amekaa kando yako huenda hajapata kitu, na huwezi kula peke yako.

Usiku wa kawaida, baada ya saa nne, matatu za Bamburi na Kisauni hupungua na husubiri zijae. Steji yenye watu ni bora kuliko ya karibu: tembea hadi Buxton au Saba Saba kuliko kusimama peke yako kona ya giza. Upande wa kusini, feri zipo usiku kucha lakini huenda kwa nafasi ndefu zaidi, na gari la Ukunda halitaondoka na watu wanne. Mkiwa watano mnaoelekea njia moja, msingoje lijae. Zungumzeni na dereva bei ya viti vyote, mgawane, aondoke.